Zima Wewe Kwanza

Wakati wa vita vya Mreno tulijificha mikokoni huku Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, sisi wa pwani pamoja na watu wa bara. Tuliwasha mioto miwili, maana kila upande uliogopa kula katika chungu cha wenzake. Asubuhi moja ndege ikavuma.

“Dada, zima moto, moshi unatuuza,” nilimwambia mama wa bara.

“Zima wewe kwanza! Nikizima peke yangu, moshi wako utaniua vilevile, tena nikiwa na njaa.”

Nikakunja mikono. Naye akakunja yake.

Bomu halikuuliza moshi wa nani. Tulizika mwanawe na wangu shimo moja. Jioni tukapika chungu kimoja, wala hatukupendana.

Siku hizi redioni wakubwa wa mataifa wanaambiana, weka silaha chini, anza wewe. Ningesema watapatana wakishazika, lakini wanaozika ni sisi.