Kilio cha Placida Kilichohamia Hanoi

Ukitaka kumjua Placida, usiende kumtazama kazini, maana kule hospitali wanamwona anasukuma vitanda na kupima presha, wanadhani ndiyo huyo huyo. Mngoje ashuke kwenye basi pale Thamesmead, hapa London, mkono mmoja mfuko wa ndizi za kupika, mkono wa pili simu mdomoni, anaongea peke yake na kucheka peke yake mpaka Wazungu wanamkimbia, wanahamia upande wa pili wa barabara. Hakuwa kichaa. Alikuwa anamtumia Faustine ujumbe wa sauti.

Faustine alikuwa mtoto wa jirani yao kule Bukoba. Walisoma pamoja, walichapwa pamoja, na walipokuwa wakubwa wakatawanyika mwaka mmoja: Placida akaja London, Faustine akaenda Hanoi kufundisha watoto Kiingereza. Wote wageni, wote hawajui kitu. Wakawekeana utaratibu kwamba kila aibu itakayompata mmoja, amweleze mwenzake kabla haijapoa, wacheke, mambo yaende. Mtu akiwa ugenini bila wa kucheka naye, wallahi anaharibika kichwa.

Sasa shida ni kwamba Faustine hakuwa na aibu za kueleza. Maisha yake yalikuwa shule, supu ya tambi, pikipiki, kulala. Ukimwuliza habari za Hanoi anakwambia nzuri tu, jana mvua ilinyesha. Vituko vyote vilikuwa vya Placida. Placida ndiye aliyemsifia sista wa wodi, yaani nesi mkuu wao, mbele ya madaktari, kwamba amerudi likizo amenenepa kweli kweli, amependeza, hela zinaonekana. Kwetu hiyo ni zawadi. Yule sista hakumsemesha kwa muda mrefu, na shifti za Krismasi zote akazipanga kwake. Placida ndiye aliyempelekea jirani sahani ya pilau imefunikwa vizuri, akakaa kungoja sahani irudi na chochote, hata machungwa mawili, kama watu wanavyoishi. Sahani ikarudi imeoshwa inang'aa, tupu, juu yake kikadi cha asante. Alinuna mpaka akamwapia Faustine kwamba hamjui tena yule jirani. Faustine alicheka akakohoa. Akamwambia kwao Hanoi ukinenepa watu wenyewe wanakushika tumbo na kukwambia, wala hakuna anayekasirika.

Lakini kuna kimoja ambacho Placida alikisema kwa Faustine tu, na kwa sababu hicho ndicho kilichomvunja, ngoja nikieleze sawasawa.

Mama yake Placida alifariki wakati karatasi za Placida zilikuwa bado zinashughulikiwa. Kutoka nchini maana yake ilikuwa kutorudi. Kwa hiyo hakwenda kumzika mama yake. Na hapa London hakumwambia Mtanzania hata mmoja, kwa sababu wangekuja, wangejaa, wangechangishana, halafu wangeuliza, unasafiri lini? Na mambo ya karatasi hapa ni kama nguo ya ndani, kila mtu anayo yake na hakuna anayeianika. Basi akanyamaza. Ndugu zake huko nyumbani wakamsema sana, kwamba Ulaya imemla moyo.

Siku ya maziko alikuwa amekaa dirishani, hana matanga, hana mtu. Akaona nyumba ya mkabala mlango uko wazi, watu wamevaa nyeusi wanaingia mmoja mmoja. Mzee wa nyumba ile alikuwa amefariki, Placida hata jina lake hakulijua. Sasa kwetu msiba ni msiba. Huulizi kadi ya mwaliko wala hupigi hodi, unaingia, unatoa pole, unakaa. Placida akajifunga khanga, akavuka, akaingia. Akampa kila mtu pole kwa mkono. Halafu akatafuta ukuta, akakaa chini kwenye zulia, akanyoosha miguu.

Wenyewe walikuwa wamesimama na glasi za mvinyo na vipande vya mkate vya pembetatu, wanaongea polepole kama wako benki. Placida akaangalia huku na huku, akangoja aanze mtu mwingine. Hakuna aliyeanza. Akaanza yeye.

"Mama," alilia, "mbona hukunisubiri?"

Alilia kile kilio chenyewe cha kwao, cha kutoka tumboni, cha kutikisa mabega. Chumba kizima kikamgeukia. Wakatazamana. Na kwa kuwa Wazungu nao ni watu, walianza kupiga hesabu zao: mwanamke Mwafrika, hatumjui, analia kuliko mjane. Mtoto mkubwa wa marehemu akamwita pembeni, uso umemwiva, akamwuliza taratibu amemfahamu baba yake tangu lini. Placida akasema hamfahamu kabisa. Kijana wa watu hakuamini hata neno. Ndipo Placida akakimbilia anakokujua, jikoni, akaanza kuosha vyombo. Akaosha kila glasi ya nyumba ile. Yule mjane, bibi kizee mwembamba, akaja akachukua kitambaa, akasimama karibu yake, akawa anafuta kila anachoosha, wala hakumwuliza kitu. Wakamaliza vyombo vyote hivyo hivyo. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya mama yake Placida.

Alimsimulia Faustine huku anacheka na kulia kwa pamoja. Alimwiga mtoto wa marehemu, alijiiga mwenyewe, na mwisho akashindwa kuendelea. Siku hiyo Faustine hakucheka. Akamwambia tu, pole dada yangu, umemlilia mama vizuri. Placida akaona amezika.

Miaka ikapita. Karatasi zikatoka, akamzaa Tatiana, baba yake Tatiana akaenda zake Birmingham na maisha yakaendelea. Tatiana amekua, ana ulimi wa kuuliza. Ukutani kwao kuna picha ya kaburi la bibi, ukoo mzima umesimama na mashada, na Tatiana akawa anaitazama na kuuliza kwa Kiingereza chake, Mami, wewe uko wapi hapa? Placida akawa anazungusha. Mwishowe akamwahidi kwamba Jumapili hii, misa ya kumbukumbu ya bibi ikiisha, atamweleza kila kitu. Alikuwa ameshaanza kuyapanga maneno kwenye basi. Alitaka mtoto ajue kwamba mama yake hakuwa na moyo wa jiwe, kwamba bibi alililiwa, hata kama ni kwenye zulia la watu.

Huko Hanoi naye Faustine alikuwa amepata jina. Alianza kutengeneza video, anajiita Mbongo wa Hanoi, anasimulia vituko vyake vya Vietnam kwa Kiswahili, watu wanazimia kwa kucheka. Placida hakuwa mtu wa video, na Faustine hakuwahi kumtumia hata moja. Sasa hilo Placida alilidharau wakati ule. Alisikia tu sifa, akafurahi, akawa anajigamba kanisani kwamba yule ni kaka yangu yule. Blandina, mwenyekiti wa akina mama wa Kitanzania, alipomwalika Faustine aje kuwachekesha watu Stratford Jumamosi mchana, siku moja kabla ya misa, Placida ndiye aliyepika, ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyepewa kiti cha mbele na Tatiana wake.

Faustine akapanda jukwaani na shati la hariri. Ukumbi ukapiga makofi. Akaanza na mkuu wa shule yake Hanoi, jinsi alivyomsifia mbele ya walimu wote kwamba amenenepa, na yule mama akamwadhibu kwa kumpangia zamu za sikukuu. Watu wakacheka. Placida naye akacheka, kicheko kikatoka kabla hajakitazama. Kisha akajiambia, ngoja kwanza. Si huyu huyu aliyesema Hanoi ukinenepa wanakushika tumbo?

Ikafuata sahani. Pilau, imefunikwa, jirani wa Hanoi, sahani imerudi tupu na kikadi. Faustine alinuna jukwaani vile vile Placida alivyonuna, hata mdomo aliuvuta upande ule ule. Blandina alikuwa anajifuta machozi kwa kilemba. Placida akaacha kucheka. Akasema moyoni, sawa, chukua hiyo, chukua na ya sista, nakupa. Akamtazama Faustine machoni, na Faustine akamwona, nakuapia alimwona, akahamisha macho.

"Ndugu zangu," akasema Faustine, "siku moja nikakuta hema limefungwa kichochoroni kwetu."

Placida alishika kiti. Aliomba Mungu liwe hema la harusi.

Ulikuwa msiba. Viti vidogo vya plastiki, tarumbeta, watu wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani. Marehemu ni babu wa miaka tisini. Mbongo anaingia, anatoa pole kwa kila mtu, anatafuta ukuta, anakaa chini, ananyoosha miguu. Anasubiri aanze mtu mwingine. Hakuna. Hapo Faustine akachukua khanga aliyokuwa ameificha nyuma ya kiti, akajifunga, akakaa kweli kwenye mbao za jukwaa, akatikisa mabega, akaitoa sauti ya kike.

"Mama, mbona hukunisubiri?"

Ukumbi ulipasuka. Mtu mmoja alianguka na kiti chake. Watoto wakaanza kurudia, mama mbona hukunisubiri, mama mbona hukunisubiri, na Faustine akawapa tena, safari hii kwa kuivuta. Halafu akaendelea: ukoo wa yule babu unanong'onezana kwamba kumbe mzee alikuwa na mtoto Afrika, wanatafuta wapi amefanana nao, wanamfunga kitambaa cheupe na kumsimamisha mstari wa mbele na wanawe. Wanamwuliza kwa uchungu, umemfahamu baba tangu lini? Na yeye, anasema Faustine, alikuwa analia tu kwa sababu asubuhi alikula pilipili.

Pilipili. Alikuwa anajua analilia nini mwanamke yule, dunia nzima alikuwa anajua peke yake, akaweka pilipili.

Placida alitaka kusimama aondoke. Na kweli alisimama, lakini kwa sababu Blandina alikuwa ameshika kipaza sauti, anamtangaza kwamba huyu ndiye dada wa Mbongo, mnamwona, wamekua pamoja, wapungie mkono, mama. Placida akapunga mkono. Watu wakampigia makofi. Ndivyo ilivyokuwa, alipunga mkono.

Baadaye watu walipanga foleni ya kupiga picha na Faustine, na Placida akapanga na wao. Ilipofika zamu yake Faustine akamkumbatia kwa nguvu, akamwita Placi, jina la utotoni. Placida hakumkumbatia.

"Ile ya msiba ni ya mama yangu," alisema.

Faustine akashusha sauti. "Sikukutaja, Placi. Nani atajua?"

"Wewe ulijua."

 Faustine akamwambia amwelewe, kule kwake hakuna kinachotokea, miaka yote ni shule na supu, watu wanataka kucheka, angewaambia nini. Akasema hata yeye ile ilimliza siku aliyoisikia. Kisha msichana mmoja akamvuta shati akitaka picha, na Faustine akageuka na tabasamu lake limeshakaa usoni tayari. Placida alilitazama lile tabasamu akajiuliza ni mara ngapi alikuwa anamsimulia mambo yake huku mwenzake ameshika kalamu. Alihisi amefunguliwa mlango wa nyumba yake, watu wamepita na viatu.

Kwenye treni Tatiana alikuwa bado anacheka. Anko Faustine ndiye mtu wa kuchekesha kuliko wote duniani, alisema, na ile ya kulia ndiyo kiboko. Walibadilisha treni Whitechapel, wakapata viti. Placida akaona asingoje Jumapili. Kama atangoja, hadithi itazidi kwenda mbali naye. Akamshika mtoto mkono, akaanza kwa Kiswahili, polepole, ili asipotee.

"Tati, uliniuliza siku ya maziko ya bibi nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa Thamesmead. Nikaona nyumba ya jirani kuna msiba. Nikajifunga khanga, nikaingia, nikakaa chini, nikalia."

Tatiana alimtazama mama yake, macho yanang'aa, anangoja. Kisha akatikisa kichwa na kumpiga bega kwa utani.

"Mami, hiyo ni ya Anko Faustine," alisema kwa Kiingereza. "Usimwibie."

Placida alifungua mdomo. Akatafuta neno moja ambalo lilikuwa bado lake, la kumwonyesha mtoto kwamba ni kweli, akakuta yote yameshachekwa. Akasema ndiyo, ni ya Anko Faustine. Tatiana akaegemea bega lake, akarudia kwa sauti ya chini, mama mbona hukunisubiri, akacheka, na Placida akamwacha acheke mpaka kituo chao, Abbey Wood.