Kaza Bolti Gari Likiwa Chini

Weka spana chini, mwanangu, unisikilize. Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo huikumbuka kila nikiona kijana anakaza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, kama wewe sasa hivi, na hasira hunipanda upya.

Ilikuwa miaka ya vita vya Kongo. Sisi tuliokulia Bukavu tulikuwa tumerudi kwetu Rusizi, ng'ambo ya mpaka, na mimi nikapata kazi mjini Kamembe, katika gereji ya Mzee Saidi. Nilijiona fundi kamili. Maman Yosefina, mkunga wa Bugarama, akatuletea gari lake, jipu kuukuu la kuwapeleka wajawazito hospitali. Bushi za mbele, zile raba zinazoshika vyuma vya magurudumu, zilikuwa zimelika kabisa. Bushi mpya alizifuata mwenyewe Bukavu, siku mpaka ulipofunguliwa, akazibeba ndani ya kitenge kama mayai.

Nilizitia vizuri. Lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira, na kulala kwenye matope chini ya gari sikutaka. Nikakaza kila bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, kisha ndipo nikalishusha. Mzee Saidi hakuwepo.

Wiki mbili baadaye Maman akarudi. "Papa fundi, hii gari inanivuta ku kushoto."

"Ni barabara, Maman, na haya mambo ya vita," nikamjibu, na wala sikuinama kuchungulia. Aibu gani hiyo! Siku zile vita vilikuwa kisingizio chetu cha kila kitu, hata cha uvivu.

Siku ya tatu yake jipu likamshinda kwenye kona, akipandisha kutoka Bugarama, likaingia mtaroni na mama mwenye uchungu ndani. Mtoto alizaliwa pale pale, kando ya mashamba ya mpunga, mama yake akivuja damu mpaka lori la mpunga lilipowachukua. Walipona wote wawili, na ni Mungu tu aliyewaponya.

Jipu lilipokokotwa hadi gereji, Mzee Saidi alichungulia chini akakuta raba zimechanika zote. Hakunipiga. Alinisimamisha mbele ya ukuta, akanitwika gurudumu la akiba begani.

"Miguu isitoke pale. Sasa geuka, angaria nyuma. Bakia vile vile."

Nilikaa nimejipinda hivyo hadi kiuno kikawaka moto.

"Unasikia? Njo vile ulifanyia ile kauchu, ile raba! Uliikaza ikiwa inaning'inia, gari ikashuka, ikaipinda, na ukaitwika bantu na mizigo yao. Kisha unaambia Maman ni barabara. Barabara njo ilikaza buloni?"

Kesho yake akanituma Bugarama nikamwambie ukweli yule mama aliyejifungulia njiani, kwa mdomo wangu mwenyewe. Alinisikiliza akinyonyesha, hakuinua hata sauti.

"Maman alikuuliza," akasema. "Alikuuliza, na weye ukakataa hata kuangaria."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo, na ndiyo maana sitaki kusikia kwamba mwenye gari ana haraka. Tia bushi, bolti uzishike kwa vidole tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ulitikise, halafu ulale chini ukaze. Na mtu akirudi kulalamika, inama utazame kabla hujafungua mdomo. Kukosea kunasameheka, mwanangu. Kumfukuza aliyekuja kukuonya hakuna hata jina.

Mungu akujalie mikono ya kuaminiwa, na kila atakayepanda gari uliloligusa afike kwake mzima, yeye na aliyembeba tumboni.

Haya, zilegeze zote. Shusha gari, uchukue lile gunia pale ulalie.