Chandarua cha Mipungate

Mama yangu alinitangazia msimamo wake jikoni, amevaa makoti mawili ndani ya nyumba yenye hita.

"Miti yangu ikifa kwa baridi, unanikatia tiketi narudi Dodoma. Sikai mahali ambapo hata mnyaa unakufa."

Alikuwa na miezi saba Louisville, Marekani. Mimi nilikuwa nimekaa huku miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kurudi kutoka kazini nikakuta mtu amenipikia ugali. Sikutaka aondoke. Nilitaka hivyo kwa roho mbaya kabisa, ya mtoto asiyetaka kugawana. Nikamjibu, "Haufi hata mmoja, mama. Utaona."

Miti yenyewe ilikuwa ua, uzio wa mimea. Alipofika mwezi wa tano alikaa wiki tatu hatoki nje, hali vizuri, anachungulia barabara ya Beechmont kupitia pazia. Siku moja nikamburuta hadi duka la mimea. Akaona mpungate kwenye chungu cha rangi, na bei imebandikwa. Alicheka hadi akashika ukuta. Kwetu mpungate ni ukuta wa zizi la mbuzi, ukiukata unaota tena kesho yake, nani akuuzie? Lakini tulirudi na mipungate mitatu, mishubiri sita, na mnyaa mmoja ambao muuzaji mwenyewe hakujua jina lake. Mama alifyeka majani pembeni ya ukuta wa jikoni, upande unaopigwa na jua mchana kutwa, akanibebesha mchanga na kokoto mgongo ukauma, akapanda kwa mstari kama wanavyozungushia boma kwetu. Kuanzia siku hiyo akawa anaamka kabla yangu. Akaanza kula. Akaanza hata kunisema kwamba naosha vyombo ovyo, nikajua amepona.

Mwezi wa kumi nilimwambia tung'oe tuweke ndani kwenye ndoo mpaka baridi iishe. Akaniangalia kana kwamba nimepoteza akili.

"Umeona wapi ua unaingizwa ndani? Na maziwa ya mnyaa yakikuingia machoni? Funika huko huko nje."

Haya. Kufunika ndiyo kazi yangu. Ghalani ninakofanya kazi, huku South End, kutwa nzima nazungushia nailoni mizigo iliyopangwa kwenye mbao. Unaizunguka unavuta, unazunguka unavuta, hadi mzigo unakuwa mgumu kama jiwe, hata ukianguka kwenye lori haufunguki. Mkono wangu unaifanya peke yake. Basi nikaomba kipande cha nailoni kilichobaki, na jioni moja kabla ya umande wa kwanza wa barafu nikaifunga ile miti mmoja mmoja, kwa ufundi wangu wote. Niliona fahari. Nilisimama kando nikaipiga picha.

Asubuhi mama alinichania nailoni kwa kisu. Kila jani la mshubiri lililoguswa na nailoni lilikuwa jeusi, laini, linatoa maji. Lile lililobaki huru katikati lilikuwa zima.

"Umeifunga kama mzigo," akasema. "Kwani inasafirishwa?"

Niliumia. Mishubiri miwili ilikufa pale pale, kwa mkono wangu, na baridi yenyewe ilikuwa bado haijaja. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Mama alinipita, akarudi na vijiti vinne vya ufagio uliovunjika, akavichomeka kwenye kona nne za mti mmoja, akatandaza shuka juu. Halafu akauliza, "Ukilala huku mkono wako umegusa chandarua, mbu si anakuuma kwa nje?"

"Anakuuma."

"Basi. Nguo isiguse mwili."

Miaka yote nimelala chini ya chandarua nikiwa mtoto, nimepigwa makofi kwa kukiegemea, na haikunijia akilini. Nilijiona mjinga, na nilifurahi.

Wiki moja kabla ya Krismasi simu zetu zote zililia tahadhari. Baridi ya kugandisha hadi mabomba, siku tatu mfululizo, na theluji juu yake, kali kuliko tuliyoizoea hapa. Nikapiga simu kazini kusema siendi. Msimamizi akauliza nani anaumwa. Nikamwambia hakuna anayeumwa, nafunika miti. Akacheka, akaniandikia pointi ya utoro. Aandike tu.

Tulianza saa nne asubuhi. Nilitengeneza fremu moja ndefu ya mbao kuanzia mwanzo wa ua hadi mwisho, tukatandika shuka, juu yake mablanketi, juu kabisa turubai, kila kitu kimeinuliwa shubiri nzima kutoka kwenye miiba. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo kutoka Uvira, alitoka akasimama kwenye uzio anatutazama, mikono kiunoni.

"Maman, munajengea hii miti nyumba?"

"Tunaijengea," mama akamjibu.

"Bon. Lakini nyumba bila moto ni kaburi. Nilikuwa nafikiri mbabula ya makala..."

Nikaruka. Jiko la mkaa chini ya mablanketi! Tungeunguza nyumba nzima. Jirani akacheka, akaingia kwake, akatoka na boksi. "Donc chukueni hii. Ni mataa ya Noeli ya zamani, ile yenye inachomaka mukono. Ya sasa haina moto, ni urembo tu." Tukazilaza taa kwenye kokoto, mbali na nguo, nikavuta waya kutoka dirisha la jikoni. Niliingiza mkono chini ya turubai baada ya saa moja. Palikuwa na uvuguvugu kama chini ya kuku anayeatamia.

Siku ya pili theluji ilianguka kwa nguvu na ikaanza kulemea turubai. Kila baada ya muda tulitoka na fagio kuikung'uta, mimi mwanzo, mama mwisho, tunakutana katikati. Vidole vyangu havikuwa na hisia. Nilimwambia aingie ndani, atapata kichomi. Akaniambia nifunge mdomo nifagie. Kona moja ya fremu ilivunjika nikaishika kwa bega langu, na mama akagongelea msumari juu ya kichwa changu, anatukana baridi kwa Kigogo. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Siku ya nne jua lilitoka, maji yakaanza kudondoka kwenye paa. Tulifunua mchana. Mipungate ilikuwa imenywea na kukunjamana, lakini imesimama. Mishubiri minne, ncha tu ndizo zilizoungua. Mnyaa ulikuwa wa njano juu, nikadhani umekufa. Mama akaukwaruza kwa ukucha, karibu na shina. Kijani. Maziwa yakatoka.

Nilipiga kigelegele hadi jirani akajibu kutoka kwake. "Mama! Tiketi hakuna!"

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Tafuta ya mwezi wa tatu," akasema. "Nikute mvua bado zipo."

Nilidhani ananitania. "Mama, imepona. Si ulisema?"

"Nilisema ikifa narudi. Nilikuambia ikipona nakaa?"

Ni kweli, hakuniambia. Akakaa kwenye ngazi, akanivuta nikae naye.

"Nilikuja kwa sababu nilikuwa nakuonea huruma," akasema. "Kila nikisikia sauti yako kwenye simu nilikuwa nasema mtoto wangu anamalizwa na nchi ya watu. Siku tatu hizi nimekuangalia. Mwanangu, wewe humalizwi. Nina nyumba yangu, nina dada zako, nina makaburi ya kufagia. Niache niende."

Nilimnunia wiki nzima. Nilimtengea chakula bila kumtazama. Ningejua, ningekaa ndani nikauacha ule ua ugande wote, aendelee kunionea huruma miaka kumi mingine. Halafu nikakata tiketi, ya mwezi wa tatu.