Mafiga Yasiyo na Masizi

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika shamba la chai, na sijapata kumwona mtu aliyeijua hila ya kuongeza uzito kwa maji kuliko yeye. Mchumaji akileta kapu zito kupita kiasi, Baba alitumbukiza mkono hadi kiwiko, akatoa konzi ya majani ya chini kabisa, akayakamua mbele ya watu.

"Haya umeyachuma au umeyaogesha?"

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa mwenye kapu. Jioni alituletea nyumbani visa vya makapu hayo kama mwindaji anavyoleta nyama. Nami nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule ya misheni, kichwa kimejaa beti nilizokuwa nikitunga nikitazama ukungu ukitambaa juu ya chai. Nilimsikiliza huku nikimdharau kwa moyo wangu wote.

Kisha ikaja ile miaka ya bei kuanguka. Mahindi yakakosa mnunuzi. Ngozi za ng'ombe zikalundikana katika maghala hadi zikanuka barabara nzima. Katika shamba letu makarani wawili waliitwa ofisini asubuhi moja, na kabla ya mvua ya alasiri magodoro yao yalikuwa nje kwenye nyasi. Sisi sote tulilala katika laini, zile safu za nyumba za shamba. Kazi ikikatika, paa nalo linakwenda.

Baba aliogopa. Hofu hiyo ningeweza kuiheshimu, maana kwetu upande wa ziwa alikuwa amewaachia ndugu zake kila kitu, na hatukuwa na pa kurudi. Lakini hakuionyesha kama hofu. Aliivaa kama akili. Akaanza kutuhutubia.

"Wakati kama huu ndio mwenye macho hununua," alisema, akichovya kiazi katika chai. "Si duka, si ng'ombe. Nyumba ya vyumba vya kupangisha. Mtu ataacha sukari, ataacha viatu. Nani ameacha kulala?"

Mama alikuwa akipepeta wimbi. Hakuinua kichwa.

"Watalala, Baba Watoto. Lakini watalala kwao."

Alisema alichokiona. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, tuliwakuta watu wakielekea magharibi kwa miguu, masanduku kichwani, kuku mkononi, kila mtu akirudi kwa mama yake. Baba naye aliwaona. Aliwaamkia kwa kugusa kofia tu, kama mtu anayepita karibu na mazishi ya watu asiowajua.

Mjini zilipatikana nyumba mbili ambazo mtu kama yeye angeweza kununua, na siku moja tulikwenda watatu kuzitazama. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya machinjio: vyumba vinne vya udongo vilivyoezekwa nyasi, vyeusi ndani kama tumbo la chungu. Mwanamke mmoja mpangaji alituzuia mlangoni kwa mwiko.

"Kama mmekuja kutazama chumba, ngojeni uji uive kwanza. Watoto hawali macho yenu."

Mama alicheka kwa raha, na nilijua papo hapo kwamba nyumba ile ameipenda. Baba alikuwa ameziba pua kwa leso.

"Imejaa watu," Mama alisema.

"Imejaa inzi," Baba akajibu, akageuka.

Ya pili ilisimama kando ya barabara ya kwenda Chepseon. Vyumba sita, mabati mapya, milango ya rangi ya kijani, kuta zimepakwa chokaa nje na ndani hadi macho yanauma. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyefilisika, mtu mnene, mwenye mnyororo wa saa usio na saa. Hakumwita Baba karani, wala mzee.

"Karibu, mwenye nyumba!" alisema kwa sauti, na kumfungulia njia kwa mikono miwili.

Nilimwona Baba akiyapokea maneno hayo. Shingo yake ilirefuka. Tangu ujana wake ameitwa boi, ameitwa wewe, ameitwa karani. Sasa mtu amemwita mwenye nyumba, na hata alikuwa bado hajavuka kizingiti. Nadhani alinunua palepale. Yaliyofuata yalikuwa matembezi tu.

Katika kila chumba palikuwa na mtu. Huyu anashona, yule amelala, yule anakohoa. Katika chumba cha mwisho mwanamume alikuwa ameketi juu ya sanduku akimenya kiazi, na sufuria imetengwa motoni.

"Ndugu yangu, unapika wapi siku zote?" Mama alimuuliza.

"Hapa hapa, mama. Hii nyumba iko sawa kabisa. Hakuna kunguni."

Mama aliinama kana kwamba anaota moto. Kericho kuna baridi. Kila mtu hupikia ndani mlango ukiwa umefungwa, na haipiti miezi miwili ukuta unakuwa mweusi. Alitazama ukuta. Alitazama mabati juu. Kisha akatazama mafiga matatu chini ya sufuria. Yalikuwa mawe ya mto, na tope la mto lilikuwa bado limekaukia mbavuni mwake.

Tulipotoka nje alimwambia Baba kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Mafiga hayana masizi. Watu hawa wameletwa leo."

Yule mtu wa ngozi hakuijua lugha yetu, lakini neno masizi alilishika, kwa maana Mama alilisema kwa Kiswahili.

"Ah, mama! Hapa mjini wapangaji wangu ni wasafi. Si watu wa laini za chai."

Baba akacheka. Alicheka pamoja na mgeni, dhidi ya mke wake, akiwa na kofia kifuani kama mtu aliyealikwa karamuni. Kicheko hicho sijakisamehe mpaka leo.

Lakini nina kosa langu pia. Yule mwanamume wa kiazi, nilipomtazama mikono, ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, zile nyeusi za utomvu wa chai ambazo sabuni haiziondoi. Alikuwa mchumaji, kwenye laini ya shamba alikuwa na chumba cha bure. Baba alitazama vidole kama hivyo kila siku ya Mungu, na siku ile hakuvitazama. Mimi nilivitazama, nikanyamaza. Nilitaka aanguke. Sikufikiri kwamba tungekuwa chini yake.

Baiskeli ya Baba iliuzwa ili nyumba ilipwe, na ng'ombe wa Mama waliokuwa kwa kaka yake wakauzwa. Jumamosi iliyofuata Baba alikwenda na kufuli sita mpya kujitambulisha kwa wapangaji wake. Milango yote ilikuwa wazi. Hata maganda ya kiazi yalikuwa yamefagiliwa. Alifunga vyumba vitupu, kimoja kimoja, akatundika ubao alioandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini: VYUMBA VYA KUPANGA. Mvua iliusoma ubao ule miezi minne, wala hakuna mwingine.

Kisha na yeye akaitwa ofisini.

Tulihamia alasiri, mvua ikipiga mabati kwa kishindo hata tukawa tunasemezana kwa mikono. Mama aliweka kikapu chake chumba cha mwisho, akatoka, akarudi na kaa la moto ndani ya kigae. Alikuwa ameliomba nyuma ya machinjio, kwa yule mwanamke wa mwiko. Akalilaza kati ya yale mafiga matatu, akalipuliza. Baba alisimama mlangoni na koti lake la kazini, kalamu bado mfukoni, akitazama chokaa.

"Mwenye nyumba," Mama alimwita kwa sauti ya kuishinda mvua, "kalete kuni."

Alikwenda. Alikawia, akarudi na mzigo kifuani, maji yakimchuruzika kutoka kwenye ukingo wa kofia. Mama aliupokea ukuni wa juu, akaushika kwa mikono miwili, akaukamua kama Baba alivyokuwa akikamua majani ya watu.

"Hizi umeziokota," akasema, "au umeziogesha?"

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, mpaka moshi wa kwanza ukaniziba koo.