Chumvi ya Mama Ndinda

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naacha kwanza ninachofanya. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi ya mjengo pale Kyumbi, nikateleza kwenye mbao za juu nikaanguka, nikavunjika mkono. Mjengo haumngoji mtu apone. Muda si mrefu mwingine alikuwa ameshika karai langu. Kodi ikanishinda, mwenye nyumba akatia kufuli yake mlangoni, nami nikahamia kwenye baraza la kinu cha unga.

Utauliza kwa nini sikurudi nyumbani Kithimani. Aibu, mwanangu. Mama yangu alikuwa amewaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe anajenga maghorofa. Ningeingiaje pale na mkono umefungwa na tumbo tupu?

Njaa mwanzo inauma, halafu inanyamaza, na ikinyamaza ndipo inatisha. Watu walikuwa wananipita kama wanavyopita jiwe.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mmoja aliyeuza isyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Wateja walimwita Mama Ndinda. Asubuhi moja akapaza sauti kutoka kibandani.

"Wewe kijana wa bendeji! Unaitwa nani?"

Nilishtuka. Tangu nianze kulala nje hakuna aliyekuwa ameniuliza jina.

"Naitwa Muthama."

"Muthama, kuja unisaidie. Niko na homa, ulimi hausikii chumvi. Nionjee hii chakula kabla wateja hawajafika."

Nilikuwa tayari kukataa msaada. Lakini huu haukuwa msaada, ilikuwa kazi. Akapakua sahani ikafurika.

"Mama, kuonja si kijiko kimoja tu?"

"Chumvi ya isyo inajificha. Kula mpaka uipate."

Nikala. Machozi yalipoanza kunitoka, alinipa mgongo akawa anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Homa ile haikupona, mwanangu. Kila asubuhi niliitwa kuonja. Mvua zilipoanza, akaenda kuongea na mwenye kinu, mzee mkali niliyekuwa namkimbia kila akija kufungua. Sijui alimwambia nini. Jioni mzee akanifungulia chumba cha magunia, akasema tu, "Lala huku ndani. Na ufunge mlango vizuri, baridi isiingie."

Kisha siku moja mteja akalalamika kwamba chumvi imezidi. Mama Ndinda akawaka: "Imezidi wapi? Nimeonja mimi mwenyewe alfajiri, iko sawa kabisa!"

Ndipo akakumbuka kwamba nipo. Nilikuwa nimekaa pale pale, sahani yangu ya kuonja mkononi. Tukatazamana. Mimi nikainamisha kichwa nikaendelea kula. Mteja alipoondoka, akaniuliza polepole, "Muthama, chumvi iko aje?"

"Imetosha, mama," nikamjibu.

Mkono ulipopona nilirudi mjengoni, na nilipopata nauli nikaenda nyumbani, nikamweleza mama yangu yote. Hakuuliza habari za maghorofa. Jumapili iliyofuata alipanda gari hadi Kyumbi na kuku kwapani, akakaa na Mama Ndinda mchana kutwa wakizungumza Kikamba chao kama watu waliolelewa nyumba moja.

Basi nakushauri hivi, mwanangu. Ukimkuta mtu hana pa kulala, muulize jina lake kabla ya kumuuliza kilichomfikisha hapo. Ukimpa chakula, mpe kwa namna ambayo kesho ataweza kukutazama usoni. Na ukiwa wewe ndiye uliyekwama, maana yeyote anaweza kukwama, pokea, wala usiwafiche watu wa kwenu. Mimi nilidhani aibu inanilinda, kumbe ndiyo iliyokuwa inanimaliza.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na moyo usiotangaza. Jiko lako lisipoe, na anayepita karibu nalo asipite na njaa. Na jua likikuchwea ugenini, usikose mtu wa kukuita kwa jina. Enda salama, mwanangu.