Simu Kumi na Moja kwa Binti wa Fundi

Saa mbili na nusu asubuhi, ghorofa ya tatu, fundi amepiga magoti chini ya meza ya mhasibu. Inaonekana miguu yake tu. Juu ya meza, simu mpya imewaka taa ya bluu.

"Bonyeza namba ya mapokezi, dada," anasema akiwa hukohuko chini.

"Nimebonyeza. Inaniambia nisubiri. Haijamaliza hata siku moja, imeshaanza maringo?"

Hii ni simu ya ishirini na sita kati ya thelathini na nne anazofunga hapa tangu jana. Hazitumii laini ya kawaida. Hupita kwenye waya uleule wa intaneti unaokwenda kwenye kompyuta. Kuzichomeka si kazi. Kazi ni kuzipangia mambo: kila meza ipate namba yake ya ndani, anayesubiri asikie muziki, na simu ya meneja isipopokelewa iruke kwa katibu wake.

"Kuruka huko ndiko kulikoniponza," anasema, akijikung'uta vumbi magotini.

Ana miaka thelathini na mmoja. Chuoni, katika darasa la ufundi, wasichana walikuwa watatu, yeye mmoja wao. Binti yake wa miaka saba anaishi na bibi yake katika mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi. Alimwacha huko akiwa na miaka mitatu, kwa sababu kazi ilipatikana huku, na katika chumba alichopanga analala na mfanyakazi mwenzake. Theluthi ya mshahara huenda kwa mama yake kila mwezi.

Kila simu mpya lazima ijaribiwe kwa kupiga nje. Kampuni haikusema apigiwe nani. Kwa karibu miaka minne alipiga namba ya mama yake, sekunde ishirini tu, na aliyepokea ni binti. Mtoto akawa bingwa.

"Mama, hii ina mwangwi," alikuwa akisema. Au: "Hii nzuri, ila unaongea kama uko ndani ya pipa."

Mafundi walimwita mtoto huyo mkaguzi mkuu.

"Siku ya simu arobaini, nilimsikia mara arobaini," anasema fundi. "Lakini tulikuwa tunaongea mwangwi tu. Kwamba ameshajua kuendesha baiskeli, niliambiwa na mama, mwezi mzima umepita."

Miezi mitano iliyopita, katika ofisi moja ya bima, aliielekeza simu ya meneja iruke kwa namba ya mama yake, apate kuijaribu. Ikafanya kazi. Akafunga begi akaondoka, akasahau kuirudisha kwa katibu.

Kesho yake meneja alishinda kikaoni. Wateja kumi na mmoja walimpigia, na wote walipokelewa na mtoto aliyekuwa likizo ya shule, nyumbani kwa bibi yake. Mmoja alilalamika kwa barua. Alitaka kujua ni lini bima walianza kuajiri watoto, na kwa nini yeye, mwanamume mwenye ndevu, anaitwa mama.

Simu za ofisi ile hurekodiwa. Mkuu wa mafundi, mtu asiye na maneno mengi, aliketi kuzisikiliza.

"Zote zinaanza vilevile," anasema. "'Mama? Leo sauti nzuri.' Mteja anasema hapana, mimi si mama. Mtoto anaomba samahani, anakata. Kidogo tena, 'Mama?' Nilifika ya sita, nikazima."

Jioni ile fundi alimpigia binti yake kwa simu yake mwenyewe.

"Nikamuuliza, ulipoona si mimi, mbona uliendelea kupokea? Akaniambia, 'Nilijua moja itakuwa yako.'"

Anafungua boksi la simu ya ishirini na saba.

Alipewa barua ya onyo, tena wakati mbaya kuliko wote. Kampuni inafungua tawi katika mji uleule anakoishi binti, na inataka fundi mmoja. Alikuwa ameshaomba nafasi hiyo. Mkuu hakulitupa ombi lake, ila alimpa sharti: ofisi tatu mfululizo bila kosa hata moja, na simu zisijaribiwe tena kwa namba ya ndugu. Hii ndiyo ofisi ya tatu.

Siku hizi humpigia fundi mwenzake aliye karakana, wanayemwita Kipaza kwa sauti yake.

"Haloo, unanisikia?"

"Nakusikia tangu ulipozaliwa. Sema shida yako."

"Mwangwi upo?"

"Mwangwi hakuna. Njaa ndiyo ipo."

Anacheka. Kipaza akishakata, yeye hubaki na mkono wa simu sikioni, kidole kikiwa juu ya vitufe. Kisha anaurudisha mahali pake na kuhamia meza nyingine.

Saa tisa alasiri mkuu anafika na karatasi yake. Anapiga simu ya meneja na kuiacha iite mpaka iruke. Anapokea katibu. Anapiga tena. Katibu. Mara ya tatu, sauti ya katibu inasikika hadi ukumbini: "Baba, hii mara ya tatu. Kwani una shida gani?"

Mkuu anatia sahihi.

"Nimekupendekeza," anamwambia fundi. "Makao makuu watajibu mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo siahidi."

"Asante, mzee."

"Asante ya nini? Kazi umeifanya wewe."

Fundi hataki kungoja mwisho wa mwezi. Katika siku za likizo alizokuwa akizilimbikiza kwa ajili ya kuhama, ameomba mbili. Ijumaa anapanda basi. Mama yake anajua, binti hajaambiwa.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la kazi ameandika maswali ya kumuuliza: rafiki yake ni nani, anaogopa nini, analalia upande gani. Yamefika thelathini na moja.

"Tawi wakinipa, nitamuuliza moja moja, kila jioni," anasema. "Wasiponipa, nina siku mbili za kuyauliza yote."