Vitambaa vya Adapta za Mzee Yeremia

Wanaosema mzee Yeremia alikuwa fundi mzembe wanyamaze! Mwaka 2004 nilifanya kazi kwenye duka lake la intaneti pale Mikumi. Mimi ndiye ninayejua.

Alikuwa mtu wa Kisanga, Mwanglikana wa shule ya misheni, na kwa mambo ya adapta, vile vichwa vya kupunguza umeme wa ukutani, alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Soko huria lilikuwa limetumwagia vifaa vya kila aina, pini zinafanana, volti hazifanani. Basi kila adapta aliifunga kipande cha kitenge cha rangi yake, na chombo chake, iwe redio au ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, akakifunga kipande cha kitenge hichohicho. Kila asubuhi nikimpa shikamoo aliitikia, "Marahaba. Doto, kuingia si kufaa. Soma volti." Mimi nacheka tu. Ujuaji wangu huo, jamani!

Siku moja pacha wangu Kulwa, tuliyefanana sura kabisa, alikuwa anakuja kutuma barua pepe. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi, ila ajibu kabla ya saa kumi jioni. Baba yetu, Malimi, alishawatangazia Wasukuma wenzake wote kwamba mwanawe anakuwa nesi. Mzee Yeremia alikuwa ameenda posta. Nikaona vitambaa vimejaa vumbi, nikaona aibu dada yangu avikute vile. Nikazima vyombo, nikafungua vitambaa vyote, nikavifua.

Kurudisha adapta sasa, bila vitambaa! Adapta ya redio kaseti ikaingia kwenye ruta vizuri kabisa. Ilikuwa ya volti kumi na mbili, ruta ilitaka tano. Ukatoka moshi, taa zikazimika. Kulwa alipofika nikamwambia, "Umeme umetuunguzia ruta." Nilimdanganya dada yangu huku namtazama machoni. Akasema atawahi kuituma barua yake Morogoro, akakimbilia basi. Basi lilipinduka njiani, na Kulwa tulimpokea kwenye jeneza.

Mzee alikuwa amerudi jioni ile akakuta ruta imeungua na vitambaa vibichi kwenye kamba. Hakuniuliza kitu. Msibani baba, aliyekwisha kusikia kwamba Kulwa alipanda basi kwa sababu ruta iliungua, aliuliza kwa sauti ni nani aliyeiharibu. Nilifungua mdomo, mzee akaniwahi: "Ni mimi, mwenzangu. Nilikosea adapta." Baba akatema mate chini, na tangu hapo hawakusalimiana tena. Nami nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi.

Ikifika saa kumi nasikia harufu ya plastiki inayoungua, hata nikiwa shambani. Mama akiniangalia usoni analia. Kioo nimekigeuzia ukutani, maana anayenitazama humo huniuliza, "Ulisoma volti?"

Mwaka uliofuata mzee Yeremia akafariki. Mkewe, mama Debora, akaniita akanipa bahasha. "Alisema ni vyako," akasema. Ndani mlikuwa na vile vitambaa, vikavu, vimekunjwa vizuri. Asubuhi ya mazishi baba akagoma kwenda. "Nimzike aliyemuua mwanangu?"

Nikapiga magoti, nikaviweka vitambaa mbele yake. "Baba, mimi ndiye niliyevifua. Adapta niliichomeka mimi, si mzee Yeremia."

Baba akaokota kitambaa kimoja, akakikunjua. Kisha akauliza, "Kulwa alijua kuwa ni wewe?"

"Hapana, baba."

Akachukua jembe, akaenda kuzika. Hakuniambia nimfuate.